Probesheni Si Kufukuzwa: Somo la Barua Moja

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimepewa ukurasa wa somo la msamiati. Waliotangulia wameandika juu ya msamiati wa mahakamani, wa jikoni na wa baharini. Mimi nimechagua msamiati nilioupata kwa taabu nyumbani kwetu, yaani msamiati wa mwanafunzi wa udaktari anayeanguka mitihani. Msiseme ni mambo ya mbali. Baadhi yenu mnataka kuwa madaktari, na sisi sote tuna ripoti fomu.

Kisa chenyewe

Kaka yangu ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na aliingia kusomea udaktari. Siku ya harambee yake kanisani, waliokosa pesa walileta kuku na mayai, vikanadiwa pale pale. Nyanya, ambaye ndiye anayetulea, aliuza ndama. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa unamwita kaka "Daktari", hata kabla hajamgusa mgonjwa.

Mwaka wake wa pili ulipokwisha na wenzake wakarudi chuoni, naye aliondoka. Baada ya siku chache tulimwona akirudi na sanduku lake lote. Akasema ati bado wako likizo. Siku ya kwanza tuliamini. Siku ya tano nyanya akaanza kuuliza ni likizo gani hii isiyokwisha. Kaka alikuwa halali, chakula hali, na simu ikilia anaizima. Siku ya kumi na moja nyanya alikuwa akifua nguo zake, akapata barua mfukoni mwa suruali. Ilikuwa ya Kiingereza, ina muhuri. Nyanya husoma Biblia yake ya Kiswahili bila miwani, lakini Kiingereza hajui. Nilipotoka shuleni jioni nikamkuta amekaa mlangoni akiningoja.

"Wewe si ndiye wa Chama cha Kiswahili? Haya, nisomee hii kwa Kiswahili, na usinifiche hata neno moja."

Nikaanza. Neno la kwanza lililonishinda nikalitamka vile nilivyoliona: probesheni. Nyanya alishika kichwa.

"Probesheni? Kwani ameiba nini? Amepelekwa kortini lini na mimi sijaambiwa?"

Msimcheke nyanya. Kwetu, probesheni ni ile ya afisa wa korti, anayeandikisha vijana walioponea chupuchupu kufungwa. Kaka alisikia, akatoka chumbani akasimama akiangalia chini. Akasema, "Nyanya, sijaiba. Nimefukuzwa."

Nikaendelea kusoma, maana nilikuwa nimeamriwa nisifiche neno. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba barua haikusema hivyo. Sehemu ya kwanza ilisema kaka ameanguka masomo mawili, na hata mtihani wa marudio ameanguka. Sehemu ya pili ilisema atarudia mwaka wa pili akiwa chini ya uangalizi, na akianguka tena ndipo ataachishwa masomo. Sehemu ya tatu ilisema athibitishe kwa maandishi katika muda wa siku 14 kwamba anarudi, la sivyo nafasi yake itachukuliwa kuwa ameiacha. Pia ilimwambia ana haki ya kukata rufaa.

Kumbe kaka alisoma sehemu ya kwanza tu, akaikunja barua. Siku 11 zilikuwa zimekwisha pita. Zilibaki tatu.

Neno lenyewe

Sasa tuingie katika somo. Neno probesheni tumelitoa katika Kiingereza, nacho kililipata kutoka Kilatini, katika neno la kujaribu au kupima. Hutumika mahali patatu. Kortini, ni mtu aliyepatikana na kosa lakini akaachiliwa akae nyumbani chini ya uangalizi wa afisa. Kazini, ni miezi ya majaribio ya mfanyakazi mpya. Chuoni, ni kipindi ambacho mwanafunzi aliyeteleza anaendelea kusoma huku akiangaliwa, akiwa amepewa masharti na muda.

Mnaona jambo moja linalounganisha hizo maana tatu? Mtu wa probesheni bado yumo. Wa korti hajafungwa, wa kazi hajaachishwa, na wa chuo hajafukuzwa. Kwa Kiswahili mimi nilimwambia nyanya "kipindi cha uangalizi", naye akaelewa mara moja. Akasema, "Kumbe ni kama mche uliopandwa upya, unawekewa kijiti."

Ngazi zenyewe

Vyuo havifanani kanuni, lakini ngazi za mwanafunzi anayeanguka hukaribiana. Ya kwanza ni onyo. Ya pili ni mtihani wa marudio katika somo aliloanguka. Ya tatu ni kurudia mwaka, mara nyingi chini ya uangalizi. Ya nne ndiyo kuachishwa masomo. Kati ya ngazi hizi kuna kamati ya walimu inayokaa na kutazama matokeo, na juu ya kamati kuna mkuu wa kitivo na seneti ya chuo. Kwa hiyo mwalimu mmoja aliyeamka vibaya hamfukuzi mtu peke yake.

Mtaniuliza, mbona udaktari uwe mkali kuliko masomo mengine? Hapa Kenya shahada ya udaktari na upasuaji huchukua miaka sita, kisha mhitimu hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya madaktari wakubwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari, ambalo kifupi chake ni KMPDC. Katika vyuo vyetu kadhaa alama ya kupita katika udaktari ni 50, ilhali masomo mengine mengi hupitia 40. Sababu yake iko wazi. Mimi nikikosea zoezi la Hesabu mwalimu ananipigia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Daktari akikosea kipimo cha dawa, anayelipa ni mtoto wa mtu.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa udaktari hapimwi kwa karatasi tu. Akifika wadini hutazamwa anavyomsikiliza mgonjwa, anavyonawa mikono, anavyofika kwa wakati na anavyofanya kazi na wauguzi. Mtu anaweza kupita karatasi zote na bado akawekwa chini ya uangalizi kwa kazi ya wadini.

Kisa cha Missouri

Mwalimu wetu wa Historia na Serikali aliposikia ninaandika makala hii, alinipa hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya Marekani niisome. Lugha ya mawakili ilinitoa jasho, lakini kisa chenyewe ni hiki.

Mwaka 1971 mwanafunzi aitwaye Charlotte Horowitz aliingia shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Missouri, huko Kansas City. Mwaka wake wa kwanza pale, walimu hawakuridhika na kazi yake ya wadini, hasa katika wadi ya watoto. Walilalamikia ujuzi wake wa kutibu, uhusiano wake na wenzake na wagonjwa, na hata usafi wake. Baraza la tathmini, ambalo lilikuwa na walimu na wanafunzi, liliamua aingie mwaka wa mwisho lakini kwa probesheni.

Katikati ya mwaka huo baraza likakaa tena, likaona hajabadilika. Likasema hatahitimu mwezi wa Juni, na asipobadilika sana ataachishwa. Basi akapewa nafasi ambayo naiona ya ajabu. Alipelekwa kwa madaktari saba wa eneo lile wampime kazini, mmoja mmoja. Wawili walisema ahitimu kwa wakati. Wawili walisema aachishwe mara moja. Watatu walisema asihitimu Juni, abaki chini ya uangalizi mpaka ripoti zaidi zije. Ripoti zilizofuata hazikumsaidia, na mwaka 1973 aliachishwa. Alikata rufaa kwa mkuu wa chuo aliyesimamia masomo ya afya, akashindwa. Akaenda kortini akidai hakusikilizwa kama inavyotakiwa.

Korti ya kwanza ilikiunga mkono chuo. Korti ya rufaa ikamuunga mkono Horowitz. Tarehe 1 Machi 1978 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho, naye akashindwa. Majaji walisema chuo kilimweleza mapema makosa yake na hatari iliyokuwa mbele yake, na uamuzi ulifanywa kwa uangalifu. Hilo lilitosha, na haikuhitajika kikao kama cha mahakama.

Nidhamu na masomo ni mambo mawili

Hapa pana jambo ambalo hata mimi lilinichukua siku mbili kulielewa. Miaka mitatu kabla ya hukumu ile, mwaka 1975, mahakama ile ile iliamua kesi ya wanafunzi wa shule za mji wa Columbus, Ohio, waliotumwa nyumbani kwa siku zisizozidi 10. Mahakama ilisema mwanafunzi anayesimamishwa kwa nidhamu lazima aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kueleza upande wake.

Sasa mbona hawa wa shule wasikilizwe, na Horowitz aambiwe haikuhitajika kikao? Jibu ni kwamba makosa ya nidhamu ni mambo ya kutendeka au kutotendeka. Ulipiga mtu au hukupiga? Mashahidi wanaweza kuitwa. Lakini swali la kama mtu anafaa kuwa daktari si la mashahidi. Ni la walimu waliomwona akifanya kazi, na jaji hajui kumpima mwanafunzi wadini.

Mwaka 1985 ikaja kesi nyingine. Scott Ewing alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan katika mpango wa udaktari wa miaka sita. Mwaka 1981 alifanya mtihani mkubwa wa kitaifa, akaanguka sehemu tano kati ya saba. Alama zake zilikuwa 235, na za kupita zilikuwa 345. Chuo kikamwachisha bila kumruhusu kuurudia mtihani. Alionyesha kwamba wenzake walioanguka mtihani huo walikuwa wakiruhusiwa kuurudia. Hata hivyo majaji wote walikubaliana kwamba chuo kilitazama rekodi yake yote kwa makini, na mahakama haitaingia mahali pa walimu.

Nilipomsomea kaka kesi hizi mbili alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hivyo korti haiwezi kukupa maksi." Ndiyo hivyo. Korti inaweza kuuliza kama ulionywa, kama kanuni zilifuatwa, kama ulitendewa kwa nia njema. Lakini alama za Anatomia utazitafuta mwenyewe, na muda wa kuzitafuta ni ule wa probesheni.

Haki ya mwanafunzi

Msidhani nasema mwanafunzi hana haki. Siku hizi bodi inayoidhinisha shule za udaktari za Marekani, iitwayo LCME, inazitaka ziwe na utaratibu wa haki. Mwanafunzi ajulishwe kwa wakati, aonyeshwe sababu, apewe nafasi ya kujibu, na awe na njia ya kukata rufaa kabla ya kuachishwa.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi zinazoamua mambo yake, bila kucheleweshwa na kwa kufuata sheria. Uamuzi ukimuumiza, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kukitekeleza kifungu hicho. Kwa hiyo barua ya kaka haikuwa tusi. Ile karatasi aliyoikunja ndiyo iliyobeba haki yake: sababu, masharti, siku na njia ya rufaa. Aliificha haki yake mfukoni mwa suruali, nayo nusura ifuliwe kwa sabuni.

Siku tatu

Kuna mambo mawili tuliyoweza kufanya. Moja ni rufaa, lingine ni kukubali kurudia mwaka. Nyanya aliuliza swali moja tu: "Walikuonea?"

Kaka alifikiri. Akasema, "Hapana. Nilianguka. Nilikuwa nakariri usiku wa mtihani, na niliogopa kuuliza kwa sababu wenzangu wote walionekana wanaelewa."

"Basi usikate rufaa ya uongo. Andika unarudi."

Rufaa ni ya mtu aliyejumlishiwa alama vibaya, au aliyeugua na ana karatasi ya hospitali, au ambaye kanuni hazikufuatwa kwake. Si ya kuomba huruma. Aliandika barua usiku huo mezani kwangu, nami nikamshikia taa kwa kuwa stima zilikuwa zimepotea. Kesho yake alfajiri alipanda matatu ya kwanza, akaikabidhi ofisini kwa mkono wake na kurudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Zilibaki siku mbili na ushei.

Jumapili iliyofuata nyanya alisimama kanisani bila kuulizwa na mtu. Alisema, "Mlimchangia mjukuu wangu. Amejikwaa, anarudia darasa. Kuku wenu hawajapotea." Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Kaka aliniambia baadaye kwamba aibu aliyoiogopa siku 11 ilidumu dakika moja.

Ninapoandika makala hii, matokeo ya mwaka anaorudia hayajatoka. Huenda akapita, huenda asipite. Mlezi wa wanafunzi wake amemwingiza katika kundi la watu wanne wanaosoma pamoja, na kila wiki mbili huenda kueleza alipofika. Akianguka tena ataachishwa, naye anajua hivyo, na nyanya anajua. Lakini sasa anaanguka au anasimama mbele ya watu wake.

Na mimi nina la kuungama. Usiku ule kaka alipoandika barua, nilikwenda nikainua godoro langu. Chini yake kulikuwa na ripoti fomu yangu ya muhula wa kwanza, yenye D ya Kemia, ambayo nilimwambia nyanya haijatoka. Nilimpelekea. Hakunigombeza sana. Alisema tu, "Kwani nyumba hii mna nini na karatasi?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi namwendea mwalimu wa Kemia kila Jumatano baada ya masomo, na nimefika C bila nyongeza wala upungufu.

Mambo ya kukumbuka

1. Barua yoyote ya shule au chuo isome mpaka mwisho, kisha umpe mtu mwingine aisome.
2. Tafuta tarehe. Penye tarehe ndipo penye nafasi.
3. Tofautisha kosa la nidhamu na kuanguka masomo. Utetezi wake haufanani.
4. Kata rufaa ukiwa na sababu na karatasi. Huna, tumia muda wako kusoma.
5. Barua unayopeleka ofisini, baki na nakala iliyopigwa muhuri.

Msamiati

Mtihani wa marudio: mtihani anaopewa aliyeanguka somo, kabla ya kuamuliwa arudie mwaka.
Kipindi cha uangalizi (probesheni): muda wa kuendelea kusoma kwa masharti.
Kusimamishwa: kutolewa chuoni kwa muda, mara nyingi kwa nidhamu.
Kuachishwa masomo: kuondolewa chuoni kabisa.
Rufaa: ombi kwa mamlaka ya juu kwamba uamuzi utazamwe upya.
Kitivo: sehemu ya chuo kikuu inayosimamia aina moja ya masomo.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kusimamishwa na kuachishwa masomo.
2. Kwa nini madaktari saba waliitwa katika kisa cha Horowitz? Je, wewe ungeamuaje baada ya kusikia maoni yao?
3. Tunga sentensi tatu ukitumia neno probesheni kwa maana zake tatu.
4. Je, kuna karatasi chini ya godoro lako? Swali hili usilijibu daftarini. Lijibu nyumbani.